Methanoli Inapopungua Kinuni: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Mwendeshaji wa mtambo wa kutengeneza methanoli, aina ya alkoholi, huligundua tatizo kwanza kwenye tangi la mavuno. Usiku wa jana kiwango kilipanda kama kawaida, usiku wa leo kimepanda theluthi mbili tu, ilhali gesi inayoingia, yaani mchanganyiko wa haidrojeni, kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi, inasemekana ni ileile. Neno la kwanza kusikika chumbani ni kwamba kichocheo, yaani vidonge vinavyoharakisha mmenyuko ndani ya kinu, kimechoka na kibadilishwe. Mara nyingi neno hilo si sahihi, na ni la gharama kubwa, kwa sababu kichocheo kipya kikiingizwa kwenye gesi ileile chafu nacho kitakufa kwa ugonjwa uleule. Katika mwongozo huu nafuata dalili moja baada ya nyingine na kuonyesha namna ya kutofautisha sababu zake. Msimamo wangu ni kwamba uchunguzi uanzie kwenye vipimo na kwenye gesi, na kichocheo kiwe cha mwisho kushukiwa.

Ninazungumzia hasa kichocheo cha shaba, zinki oksaidi na alumina (oksaidi ya alumini), ambacho kimetawala uzalishaji wa methanoli tangu kampuni ya ICI ya Uingereza ilipoanzisha mchakato wa shinikizo la chini mwaka 1966. Kabla ya hapo, tangu kampuni ya BASF ilipoanza kuzalisha huko Leuna, Ujerumani, mwaka 1923, kichocheo kilikuwa cha zinki na kromiamu, kilichohitaji shinikizo la baa 250 hadi 350 na joto la zaidi ya nyuzi 320 za Selsiasi. Kile cha zamani kilivumilia uchafu wa gesi. Hiki cha shaba hufanya kazi kwa baa 50 hadi 100 na nyuzi 210 hadi 270, lakini hudai gesi safi kupita kiasi, yenye salfa isiyozidi sehemu 0.1 kwa milioni. Shinikizo lilipopungua, gharama ilihamia kwenye usafi wa gesi, na matatizo mengi nitakayoyaeleza yanatokea hapo.

Mimenyuko mikuu ni mitatu. Kaboni monoksaidi huungana na molekuli mbili za haidrojeni na kutoa methanoli, na kila moli hutoa joto la kilojuli 91. Kaboni dayoksaidi huungana na molekuli tatu za haidrojeni na kutoa methanoli pamoja na maji, kwa kilojuli 49 hivi. Wa tatu ni wa kubadilishana, ambapo kaboni monoksaidi na maji hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi na haidrojeni, kwa kilojuli 41. Yote mitatu hutoa joto, na miwili ya kwanza hupunguza idadi ya moli. Kwa hiyo shinikizo huisaidia, na joto likizidi huirudisha nyuma hata kama huongeza kasi yake. Anayeyashika haya mambo mawili atajiepusha na makosa mengi ya haraka.

Kwanza, hakikisha upungufu upo kweli

Kabla ya kugusa vali yoyote, piga hesabu ya kaboni: kaboni yote iliyoingia kwa saa moja ilinganishwe na kaboni iliyotoka kama methanoli, kama gesi iliyoachiliwa na kama mazao ya pembeni. Hesabu isipofunga kwa tofauti ya asilimia chache, huna tatizo la kichocheo bali una tatizo la kipimo au la uvujaji, na hitimisho lolote utakalolifikia kabla ya kulirekebisha litakuwa la kubahatisha.

Kipimo kinachodanganya zaidi ni kile cha mtiririko kinachotumia tofauti ya shinikizo kwenye bamba lenye tundu. Kipimo hicho hutegemea uzito wa gesi kwa ujazo wake. Haidrojeni ni nyepesi mno kuliko kaboni monoksaidi, hivyo mchanganyiko ukibadilika kidogo tu, kipimo kitaendelea kuonyesha namba ileile ilhali kiasi halisi cha gesi kimebadilika. Kosa la pili ni la maabara: mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha gesi ili kila moja ipimwe, ikitumia heli kubeba gesi pamoja na kitambuzi cha upitishaji joto, haiioni haidrojeni vizuri, kwa kuwa gesi hizo mbili zinakaribiana katika kupitisha joto. Haidrojeni ipimwe kwa mkondo unaobebwa na agoni au naitrojeni. Nimeona wiki nzima ya majadiliano kuhusu uwiano wa gesi ikifutika siku ile mkondo ulipobadilishwa.

Kisha angalia kipoza, kinachogeuza mvuke wa methanoli kuwa kimiminika. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Kwenye nyuzi 25 mvuke wake una shinikizo la karibu baa 0.17, na kwenye nyuzi 40 ni karibu baa 0.35, yaani maradufu. Maji ya kupozea yakipata joto, methanoli iliyokwisha kutengenezwa hubaki ndani ya gesi, inazunguka na kurudi kinuni, na kule inaukandamiza mmenyuko kwa kuwa tayari imo kwenye gesi inayoingia. Anayefanya kazi mahali kama Tanga au Mombasa ataiona tofauti hii kati ya Julai na Februari bila kichocheo kubadilika hata chembe. Chukua gesi inayoingia kinuni, ipime methanoli. Ikiwa ni nyingi kuliko ilivyokuwa mavuno yalipokuwa mazuri, safisha kipoza kwanza.

Mavuno yanashuka polepole kwa wiki au miezi

Hapa vipimajoto vilivyopangwa kutoka juu hadi chini ya tabaka la kichocheo vina thamani kuliko chombo kingine chochote, na nasikitika kila ninapoona mtambo mdogo uliojengwa na kipimajoto kimoja tu katikati. Kwa kuwa mmenyuko hutoa joto, mahali unapofanyika ndipo joto linapopanda. Mchoro wa joto kwa urefu wa tabaka ni picha ya mahali kichocheo kinapofanya kazi.

Ikiwa vipimajoto vya juu vimepoa na kukaribia joto la gesi inayoingia, huku vya chini vikipanda kama zamani, na kilele cha joto kinateremka wiki hadi wiki, basi kuna sumu inayoingia na gesi na kula tabaka kuanzia juu. Ikiwa mteremko wa joto umelegea kote, na zaidi pale palipokuwa na joto kubwa, chembe za shaba zimeungana na kunenepa. Ikiwa tabaka lote limepoa ndani ya saa chache, kisha likarudi gesi ilipobadilika, kichocheo hakina kosa lolote. Katika kinu cha mirija inayopozwa na maji yanayochemka tofauti hizi ni ndogo, kwa sababu maji hushikilia joto karibu na mahali pamoja, lakini bado zinasomeka kwa mtu aliyehifadhi mchoro wa siku ya kwanza. Mchoro huo uchapishwe na ubandikwe ukutani siku kinu kinapowashwa. Bila huo hakuna cha kulinganisha.

Sumu ya juu: salfa na klorini

Salfa huingia kwa njia nyingi. Gesi asilia iliyochukuliwa kwenye mabomba ya mjini huwa imetiwa dawa ya harufu, na dawa hiyo ni ya salfa. Gesi iliyotoka kwenye makaa ya mawe au mimea huwa na haidrojeni salfaidi pamoja na kaboni oksisalfaidi. Kinga ya kawaida ni tabaka la zinki oksaidi lenye joto la nyuzi 350 hadi 400, ambalo hunasa haidrojeni salfaidi na kubaki zinki salfaidi. Kaboni oksisalfaidi hunaswa kwa shida zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea: hupima haidrojeni salfaidi peke yake, huona sifuri, hujipongeza, na salfa inaendelea kupita kwa jina jingine. Gesi ipitishwe kwanza kwenye alumina pamoja na mvuke kidogo, ili kaboni oksisalfaidi igeuke kuwa haidrojeni salfaidi, ndipo ifike kwenye zinki oksaidi.

Ndani ya kichocheo chenyewe zinki oksaidi hufanya kazi hiyohiyo, hivyo vidonge vya juu hujitoa mhanga kwa ajili ya vya chini. Hii ndiyo sababu sumu ya salfa husogea taratibu na huonekana wazi kwenye mchoro wa joto.

Klorini ni adui mbaya zaidi. Haihitaji kuifunika shaba. Inatosha kuifanya itembee, kwani misombo ya shaba na klorini huhama kwa urahisi na kuharakisha kunenepa kwa chembe, na zinki kloridi inayeyuka kwenye nyuzi 290 hivi, karibu kabisa na joto la kazi. Klorini pia haitulii mahali ilipoingilia, hasa maji yakipata nafasi ya kugandia kwenye vidonge wakati wa kuzima na kuwasha. Huoshwa na kushushwa chini. Kwa hiyo uharibifu wake unaweza kufanana na wa joto, na ni uchambuzi wa kemikali tu unaoweza kuamua.

Kwa wanaofikiria kutengeneza gesi kutokana na mabaki ya mimea hapa kwetu, nina neno moja la tahadhari. Makumbi ya nazi yana klorini na potasiamu nyingi kwa asili yake, na yale yanayozikwa ufukweni ili yalainike kwa kusokotwa kamba huwa yameongezewa chumvi ya bahari. Niliwahi kuloweka konzi moja ya makumbi ya ufukweni katika maji yaliyotoneshwa, usiku kucha. Asubuhi niliyachuja, nikatia matone machache ya asidi ya naitriki, kisha nikadondosha nitreti ya fedha. Maji yakawa kama tui papo hapo. Makumbi ya nazi zilizofuliwa shambani, ambayo hayakuzikwa, nayo yalitoa weupe, ingawa mwepesi zaidi. Jaribio hili linagharimu kidogo sana, nami naliona la lazima kabla ya kununua hata boriti moja ya mtambo. Kinga dhidi ya klorini, kwa kawaida alumina iliyotiwa magadi, iwekwe kabla ya zinki oksaidi, kwa sababu asidi ya haidrokloriki huishambulia zinki oksaidi yenyewe.

Usisahau vyanzo vilivyo nje ya gesi: hewa inayovutwa karibu na bahari kulisha kitengo cha oksijeni, mvuke wa bwela lenye maji mabaya, na dawa za kusafishia vyuma zenye klorini ambazo fundi alizitumia ndani ya bomba na kuzisahau.

Shaba iliyonenepa

Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, lakini chembe zake ndogo huanza kutembea na kuungana mapema sana, na ndiyo maana watengenezaji hukataza kichocheo hiki kuvuka nyuzi 300. Hakuna dawa ya kuzitenganisha tena ndani ya kinu. Kinachowezekana ni kuongeza joto la kuingilia kwa nyuzi mbili tatu kila baada ya muda ili kufidia kasi iliyopotea, huku ukijua kwamba kila nyuzi moja inakusogeza karibu na ukomo wa msawazo wa kemikali, pale mmenyuko unaporudi nyuma kwa kasi ileile unayoendea mbele, na inaharakisha kunenepa kwenyewe. Anayepandisha nyuzi 20 kwa mkupuo mmoja atapata mavuno mazuri ya siku chache na atazilipia kwa miezi.

Mara nyingi madhara haya hutokea siku ya kwanza kabisa, wakati wa kuamsha kichocheo. Kinapofika kutoka kiwandani shaba yake iko katika hali ya oksaidi, na haidrojeni inapoirudisha kuwa shaba hutoka joto la zaidi ya kilojuli 80 kwa moli. Katika kichocheo chenye asilimia 60 ya oksaidi ya shaba, hilo ni joto la takriban megajuli 600 kwa kila tani. Ndiyo sababu huanza na haidrojeni ya asilimia 1 hadi 2 ndani ya naitrojeni, na joto hupandishwa polepole hadi karibu nyuzi 230. Kipimo kizuri cha maendeleo ni maji yanayokusanyika kwenye kipoza: kila gramu 100 za kichocheo cha namna hiyo hutoa gramu 13 hadi 14 za maji kutokana na shaba peke yake. Ukiona maji yamekwisha mapema na hesabu haijatimia, usiongeze haidrojeni kwa pupa. Kuna sehemu ya tabaka ambayo gesi haijaifikia.

Maji nayo hunenepesha shaba. Gesi yenye kaboni dayoksaidi nyingi hutengeneza maji mengi ndani ya tabaka, kwa hiyo kinu kinachotumia kaboni dayoksaidi na haidrojeni pekee, kama kile kilichojengwa Svartsengi huko Iceland, kinahitaji kichocheo na mpangilio uliochaguliwa kwa hali hiyo.

Tabaka lote limepoa na shinikizo la mzunguko linapanda

Shinikizo kupanda wakati mavuno yanashuka ni ishara kwamba gesi inayoingia haiwahi kutumika. Angalia mambo mawili: gesi zisizomenyuka na uwiano wa haidrojeni.

Katika pito moja ni sehemu tu ya gesi inayogeuka, iliyobaki hurudishwa na kompresa. Methani, naitrojeni na agoni hazina pa kutokea ila kwenye vali ya kuachilia. Tuseme kila moli 100 za gesi mpya zina moli 2 za gesi hizi. Ukiachilia moli 10, gesi inayozunguka itakuwa na asilimia 20 ya gesi zisizomenyuka. Ukibana vali hadi moli 5 kwa nia njema ya kuokoa gesi, itakuwa asilimia 40, na shinikizo lako la baa 80 litakuwa na kazi ya baa 48 tu. Wengi hufanya kosa hili kwa kubana matumizi, wakapoteza kinuni zaidi ya walichookoa kwenye vali.

Uwiano hupimwa hivi: toa kaboni dayoksaidi kutoka kwenye haidrojeni, kisha gawa kwa jumla ya kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi. Jibu linalotakiwa ni juu kidogo ya 2, karibu 2.05. Gesi ya asilimia 68 haidrojeni, 23 kaboni monoksaidi, 6 kaboni dayoksaidi na 3 methani hutoa 2.14, ambayo ni nzuri. Gesi ya mimea yenye 40, 35, 20 na 5 hutoa 0.36, na hakuna kichocheo duniani kitakachoirekebisha. Lazima sehemu ya kaboni monoksaidi ibadilishwe kwa mvuke na kaboni dayoksaidi iondolewe kabla ya kufika kinuni. Wala usiiondoe yote. Katika kichocheo hiki kaboni ya methanoli hutoka hasa kwenye kaboni dayoksaidi, na gesi isiyo nayo kabisa huenda polepole. Asilimia chache zibaki.

Nta kwenye kipoza

Dalili hii nimekaa nayo kwa karibu. Katika kinu kidogo cha majaribio, chenye mrija mwembamba wa gramu chache za kichocheo, tulikuta siku moja kioo cha kipokezi kimefunikwa na utando mweupe. Ulikuwa laini ukiukwangua kwa ukucha, ulinuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, na uliyeyuka ukiupasha kwa maji ya moto. Methanoli haina kitu kama hicho. Ilikuwa nta, yaani minyororo mirefu ya kaboni, na shaba haitengenezi minyororo hiyo. Chuma ndicho kinachoitengeneza.

Chuma kilitoka wapi? Kaboni monoksaidi yenye shinikizo ikipita kwenye chuma cha kawaida chenye joto la nyuzi 100 hadi 200 hivi huunda kabonili ya chuma, kimiminika cha manjano hafifu kinachochemka kwenye nyuzi 103 na kusafiri na gesi bila kuonekana. Inapofika kwenye kichocheo huvunjika na kuacha chuma juu ya vidonge. Sisi tulikuwa na vyanzo viwili kwa pamoja: mtungi wa chuma wa kaboni monoksaidi uliokaa ghalani muda mrefu, na kipande cha bomba lisilo la chuma cha pua kilichofungwa waya wa kupashia joto. Tulibadilisha bomba, tukaweka mkaa hai wa kunasa kabonili kabla ya kinu, tukanunua gesi kwenye mtungi wa alumini, na kichocheo kipya hakikutoa nta tena. Kile cha zamani hakikupona, kwa sababu chuma kikishakaa juu ya shaba hakitoki. Kukihakikisha ni rahisi: vidonge vya juu viyeyushwe kwenye asidi, idondoshwe thayosayaneti, na rangi nyekundu kama damu itaonyesha chuma.

Nikeli ina tabia hiyohiyo, na ni ya hatari zaidi. Kabonili yake huchemka kwenye nyuzi 43 na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana viwandani. Kichocheo chochote chenye nikeli, kama kile cha kutengenezea gesi kutokana na methani, kisiachwe kamwe kipoe chini ya nyuzi 200 huku kaboni monoksaidi ikiwa bado imo ndani. Dalili ya nikeli kwenye kinu cha methanoli ni methani kuongezeka badala ya nta.

Mazao mengine ya pembeni huelekeza kwingine. Dimethili itha ikiongezeka, shuku uasidi wa alumina. Ethanoli, propanoli na butanoli zikiongezeka, shuku sodiamu au potasiamu iliyobebwa na vumbi au na maji ya bwela.

Harufu ya samaki

Methanoli inayonuka samaki ina amini. Chanzo ni amonia au misombo mingine ya naitrojeni iliyokuja na gesi. Osha gesi kwa maji kabla ya kompresa, na harufu itaisha.

Maji mengi kwenye methanoli ghafi

Kabla ya kutafuta uvujaji, piga hesabu. Methanoli ikitoka yote kwenye kaboni dayoksaidi, maji huwa asilimia 36 ya uzito wa kimiminika, kwa kuwa kila gramu 32 za methanoli huja na gramu 18 za maji. Gesi yenye kaboni monoksaidi nyingi hutoa maji kidogo sana. Kiasi chochote kilichoko kati ya hapo hueleza mchanganyiko wa gesi yako, na mara nyingi sababu inaishia hapo.

Uvujaji wa maji ya kupozea kuingia kwenye methanoli ni nadra kwa sababu rahisi ambayo husahaulika: gesi ina shinikizo kubwa kuliko maji. Mrija ukitoboka, gesi ndiyo itakayotoka kuingia kwenye maji. Kwa hiyo pima haidrojeni kwenye pipa la mvuke na kwenye mnara wa kupozea, na mtu asipande kwenye mnara huo bila kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi, kwa maana haina harufu wala rangi.

Joto linapaa

Hii ndiyo dalili isiyongoja majadiliano. Kompresa ya mzunguko ikisimama, gesi inayobeba joto nje haipo tena, lakini gesi iliyobaki ndani inaendelea kumenyuka. Funga gesi mpya, punguza shinikizo, ingiza naitrojeni. Hewa isiingizwe kwa hali yoyote. Baada ya kutulia ndipo uulize kilichotokea, na swali la kwanza liwe kama methani iliongezeka, kwa kuwa mmenyuko wa kaboni monoksaidi kugeuka methani hutoa kilojuli 206 kwa moli, zaidi ya maradufu ya ule wa methanoli, na ukishaanza hujilisha wenyewe.

Shinikizo linapopotea ndani ya tabaka, yaani tofauti kati ya juu na chini ikiongezeka, kwa kawaida vidonge vimevunjika kwa kumwagwa kutoka juu wakati wa kujaza au kwa kulowana wakati wa kuwasha. Chuja, jaza upya.

Kwa anayetafuta ethanoli

Maswali mengi hutoka kwa watu wanaotaka ethanoli, si methanoli, na wanaona methanoli kuwa ni hitilafu. Si hitilafu. Kwenye shaba na zinki methanoli ndiyo njia nyepesi. Kupata alkoholi za juu, yaani zenye kaboni zaidi ya moja, huhitajika kichocheo kingine, kama molibdeni salfaidi yenye potasiamu, na hata hapo mavuno huwa mchanganyiko wa methanoli, ethanoli, propanoli na haidrokaboni. Rodiamu huelekea ethanoli vizuri zaidi, lakini bei yake huwakatisha tamaa wengi. Huko Soperton, jimbo la Georgia nchini Marekani, mtambo wa kampuni ya Range Fuels uliokusudiwa kutoa ethanoli kutokana na mbao ulitoa methanoli mwaka 2010, na mwaka 2011 ukafungwa.

Katika molibdeni salfaidi dalili hugeuka juu chini. Salfa ikikosekana kabisa kwenye gesi, kichocheo hupoteza salfa yake na tabia yake hubadilika, hivyo huachiwa haidrojeni salfaidi kidogo kwa makusudi. Matokeo yake ni alkoholi yenye harufu ya salfa inayohitaji kusafishwa. Alkoholi zikipungua na haidrokaboni zikiongezeka, chunguza kama potasiamu imepotea. Nashauri asiyekuwa na uzoefu atengeneze methanoli kwanza na kuiendesha mwaka mzima.

Sampuli na kufungua kinu

Methanoli hupofusha na kuua kwa kiasi kidogo, na kwa macho wala kwa harufu haitofautiki kwa urahisi na ethanoli. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Chupa za sampuli zisiwe zile za soda wala za maji ya kunywa, ziandikwe kwa maneno na kwa mchoro, na zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi.

Ikiwa uchunguzi wote umemalizika na kichocheo ndicho chenye kosa, usikitoe kikiwa hai. Shaba iliyopokonywa oksijeni huwaka yenyewe ikikutana na hewa. Kipoze chini ya naitrojeni, kisha ingiza oksijeni kwa asilimia 1 au pungufu, ukitazama vipimajoto, na uongeze pale tu joto linapokataa kupanda. Ndipo kitolewe kwa tabaka, kila tabaka kwenye chombo chake chenye namba inayohesabiwa kutoka juu. Vidonge vya juu kabisa viwekwe peke yake na visichanganywe na vingine hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ndivyo vilivyoipokea gesi kwanza na ndivyo vitakavyoonyesha kilichokuwa ndani yake.